Wimbo wa Mwisho Wembley: Kweli na Si Kweli Kuhusu Queen kwenye Live Aid

Kila nikikutana na rafiki yangu mpiga gitaa kwenye baraza ya Shangani, kahawa haimaliziki kabla hajanipeleka Wembley. Riziki yake ni kuwapigia watalii nyimbo za watu hotelini, na kila usiku lazima aamue afunge na kibao gani. Kwa hiyo akisema, "Yakhe, Queen walikosea kufunga na ule wimbo," haropoki. Mimi nashikilia kwamba hawakukosea. Tumebishana miaka sasa, na katika kubishana nimegundua kuwa sehemu kubwa ya tunayoyasema, yeye na mimi na kila anayesogea na kikombe chake, hayakutokea kabisa. Yametoka kwenye filamu, au kwa mtu aliyeyatoa kwenye filamu.

Siku yenyewe ni Jumamosi, 13 Julai 1985. Tamasha ni Live Aid, lililoandaliwa na Bob Geldof na Midge Ure kuwachangia watu waliokuwa wakifa kwa njaa Ethiopia. Lilifanyika Wembley, London, na siku hiyohiyo kwenye uwanja wa John F. Kennedy kule Philadelphia. Queen walipanda jukwaani saa 12 na dakika 41 jioni kwa saa za London. Huku kwetu ilikuwa saa 2 na dakika 41 usiku. Walishuka baada ya dakika ishirini na kidogo. Mbele yao walikuwa na watu 72,000, na mbele ya bendi alisimama Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Ndiyo maana sisi wa huku tunajiona tuna haki ya kubisha kuliko wengine.

"Bendi ilikuwa imevunjika, wakapatana kwa ajili ya siku ile."

Si kweli. Hili limeletwa na filamu ya Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018, ile iliyompa Rami Malek tuzo ya Oscar. Mle ndani Freddie anawaacha wenzake akatoe albamu yake peke yake, kisha anarudi kuomba radhi, na Wembley inakuwa siku ya suluhu. Ukweli ni kwamba Queen walitoa albamu ya The Works mwaka 1984, wakaanza ziara Agosti mwaka huo, wakapiga Rock in Rio mbele ya umati mkubwa mno Januari 1985, na onyesho la mwisho la ziara hiyo lilikuwa Osaka, Japani, 15 Mei 1985. Kutoka Osaka hadi Wembley haikufika hata miezi miwili. Albamu ya Freddie, Mr. Bad Guy, ilitoka ziara ikiwa bado inaendelea. Na hakuwa wa kwanza: Roger Taylor, mpiga ngoma, alikuwa ameshatoa albamu yake binafsi tangu 1981.

Nalisisitiza hili kwa sababu linabadilisha namna ya kuitazama shoo nzima. Anayeamini walikuwa wametengana huona muujiza. Mimi naona watu wanne waliotoka safari vidole vikiwa bado vina moto, kisha wakaona hiyo haitoshi, wakachukua ukumbi wa Shaw Theatre pale London siku chache kabla ya tamasha na kuzipanga dakika zao wimbo kwa wimbo. Bendi nyingi siku ile zilikuja kupiga tu. Hawa walikuja na ratiba waliyoifanyia mazoezi.

"Freddie alikuwa anajua anaumwa, ndiyo maana aliimba vile."

Si kweli. Filamu inamwonyesha akiwaambia wenzake kabla ya tamasha. Jim Hutton, aliyeishi naye hadi mwisho, ameandika kwamba Freddie alipata majibu ya vipimo vya Ukimwi mwaka 1987. Alifariki 24 Novemba 1991. Siku ya Wembley alikuwa na miaka 38, na sauti ile ilikuwa ya mtu mwenye kazi anayoiweza.

"Walianza na Bohemian Rhapsody yote."

Si kweli, na hapa wazee wa barazani hukasirika, kwa sababu wengi wanakipenda kibao kile kwa ajili ya pale panapotajwa Bismillahi. Siku ile Bismillahi haikutajwa. Freddie aliketi kwenye piano iliyojaa vikombe vya Pepsi juu yake, akaimba ile sehemu ya mwanzo ya polepole, Brian May akaingia na gitaa, na hapo wimbo ukakatwa. Lile pambano la sauti nyingi la katikati lilirekodiwa studio kwa kupandisha sauti juu ya sauti, na Queen hawakuwa wakiliimba jukwaani hata kwenye maonyesho yao wenyewe. Walikuwa wakiwasha kanda. Kwenye tamasha ambalo kila bendi inahesabiwa dakika, huku taa kama za barabarani zikiwaambia wanamuziki muda wao umefika wapi, hakuna anayepoteza dakika kwa kanda.

"Walipiga nyimbo nne."

Si kweli. Ni sita: Bohemian Rhapsody ile nusu, Radio Ga Ga, Hammer to Fall, Crazy Little Thing Called Love, We Will Rock You, halafu We Are the Champions. Filamu iliyoonyeshwa kwenye majumba ya sinema iliziruka Crazy Little Thing Called Love na We Will Rock You. Ukiiondoa We Will Rock You huwezi tena kuuelewa wimbo wa kufungia, na nitalirudia hilo hapo mbele.

"Waliongeza sauti kisirisiri."

Kweli, kwa kiasi. Trip Khalaf, fundi wao wa sauti, alitangulia kuikagua mitambo, na Roger Taylor mwenyewe amekiri hadharani kwamba walisikika kwa nguvu kuliko wengine. Lakini kelele peke yake haiwafanyi maelfu ya watu wapige makofi mawili kwa pamoja, mikono juu, kila kinapofika kiitikio cha Radio Ga Ga. Makofi yale yalitoka kwenye video ya wimbo huo ya mwaka 1984. Watu waliyajua toka nyumbani. Kilichoshangaza ni kwamba uwanja ule haukuwa wa mashabiki wa Queen peke yao. Walikuwamo waliomfuata Bowie, waliowafuata U2, waliomfuata McCartney. Tazama picha ya juu wakati wa makofi: uwanja unafunguka na kufumba kama shamba la mpunga lililopitiwa na upepo.

"Wimbo wa kufungia uliwatoka tu, kwa msisimko."

Si kweli, na hapa ndipo penye ugomvi wangu na rafiki yangu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mei 1977 Queen walipiga kwenye ukumbi wa Bingley Hall, Stafford, Uingereza. Walipomaliza watu hawakuondoka. Badala ya kupiga kelele za kuomba wimbo mmoja zaidi, umati ukaanza kuwaimbia bendi You'll Never Walk Alone, wimbo ambao Waingereza huuimba kwenye viwanja vya mpira. Brian May amesimulia mara nyingi jinsi usiku ule ulivyomkaa kichwani: mtu aliyebanana kwenye umati anaweza kufanya nini? Anaweza kukanyaga chini, kupiga makofi na kuimba. Basi. Akatunga We Will Rock You, wimbo wenye mikanyago miwili na kofi moja, bila ngoma. Freddie akajibu kwa We Are the Champions, na amesema alipokuwa akiutunga alikuwa na mpira wa miguu akilini. Zilitoka pamoja Oktoba 1977, kwenye santuri moja, uso huu na uso huu. Tangu hapo zikawa mapacha wa kufungia maonyesho yao.

Maana yake ni kwamba Wembley hawakuamua kitu kipya. Walikuwa wamefunga hivyo kwa karibu miaka minane, nchi baada ya nchi. Kilichokosekana siku ile ni kanda ya God Save the Queen, waliyozoea kuiachia watu wakati wakiinama kuaga.

Hoja ya rafiki yangu ni ya mtu wa dansi. Kwetu bendi inafunga kwa chemko: gitaa linakimbia, rapa anaita, watu wanatoka ukumbini shati limelowa. Kwa hesabu yake wangefunga na Hammer to Fall, kibao cha kasi, Freddie akiwa anamchezea mpiga kamera aliyeko jukwaani, watu wakiwa juu. "Unawashusha vipi watu waliokwisha kupanda?" huniuliza.

Jibu langu ni kwamba hawakuwashusha. Usikilize wimbo kwa makini. We Are the Champions una mapigo sita, hesabu ileile ya chakacha, ila umetembezwa taratibu, na ndiyo maana mikono ya watu inaanza kuyumba kulia na kushoto bila kuambiwa. Beti ziko kwenye ufunguo wa huzuni, sauti iko chini, mtu anahesabu madeni na makosa yake. Kikifika kiitikio, wimbo unahamia ufunguo mwingine, mkunjufu, na sauti inapanda mpaka pale ambapo asiyejua kuimba pia atajaribu. Chemko linahitaji nafasi ya kuchezea. Watu wale walikuwa wamesimama tangu Status Quo walipofungua tamasha saa 6 mchana, wamebanana, hawana pa kugeukia. Kiungo kilichobaki huru ni mkono na koo. Queen waliwapa kazi ya mkono na koo, na We Will Rock You, kipande kifupi tu, ndiyo iliyotangulia kuwakusanya. Ndiyo sababu nasema filamu ilipoukata ule wimbo ilikata daraja.

Kuna hoja nyingine, nzito zaidi, na siipuuzi: kwamba kuimba wimbo wa ushindi, wenye maneno makali juu ya walioshindwa, kwenye tamasha la watu wanaokufa njaa, ni kiburi. Kwa muda mrefu iliniuma. Nimekuja kuona kwamba siku ile umati uliuimba kama wimbo wa "sisi", na "sisi" ile ilikuwa pana kuliko bendi. Lakini anayekataa bado ana haki yake, hasa akiyakumbuka ya Sun City, ambayo nitayataja.

"Wimbo unaishia kwa kuutaja ulimwengu."

Kweli na si kweli, na nimeona watu wazima wakikaribia kukosana kwa hili. Kwenye rekodi ya 1977 kiitikio cha mwisho kinaishia hewani, bila yale maneno ya ulimwengu. Wengi huapa kwamba yapo. Wakisikiliza tena, wananyamaza. Ila hawakuota: jukwaani Freddie aliyaweka, na Wembley aliyaimba mwishoni kabisa. Masikio ya dunia yamehifadhi Wembley yakaisahau santuri.

"Wangefunga na Under Pressure, Bowie alikuwa pale pale."

Kweli kwamba alikuwa pale. Pale Wembley, David Bowie ndiye aliyepanda baada ya Queen. Wimbo wao wa pamoja ulikuwa umeshika namba 1 Uingereza mwaka 1981. Haukupigwa, na Freddie na Bowie hawakuwahi kuuimba pamoja jukwaani hata siku moja. Bowie aliuimba Wembley hiyohiyo mwaka 1992, na Annie Lennox, kwenye tamasha la kumkumbuka Freddie. Hili ndilo pekee ambalo mimi na rafiki yangu tunasikitika pamoja.

Wanaotaja Who Wants to Live Forever au The Show Must Go On wasubiri: wa kwanza ni wa 1986, wa pili ni wa 1991.

"Bendi ikikosa kupiga wimbo wake wa kufungia, imeharibikiwa."

Si kweli, na ushahidi ni wa siku hiyohiyo, zaidi kidogo ya saa moja kabla ya Queen. U2 walipanga nyimbo tatu, wafunge na Pride (In the Name of Love), kibao chao kilichojulikana kuliko vyote wakati ule. Walianza na Sunday Bloody Sunday, wakaingia Bad. Katikati ya Bad, Bono akaruka chini ya jukwaa kumfuata msichana kwenye umati, akacheza naye, huku wenzake juu wakizungusha mapigo yaleyale bila kumwona aliko. Wimbo ukafika kama dakika 12. Muda ukaisha, Pride haikupigwa. Wenzake walikasirika, naye akaamini ameiharibia bendi. Kumbe watazamaji walikuwa wameona kitu wasichokisahau, na U2 wakatoka pale wakubwa kuliko walivyoingia. Ninaposifu mpango wa Queen, rafiki yangu hunitupia hii, na sina la kumjibu.

"Queen walipopanda, ndipo michango ikaanza kumiminika."

Si kweli. Hii nayo ni ya filamu: simu zimenyamaza, Freddie anaimba, simu zinalia. Siku ile simu hazikuwa zimemsubiri Freddie. Na kinachotajwa sana kuwa kiliwagusa wachangiaji ni video ya watoto wenye njaa Ethiopia, ya televisheni ya CBC ya Kanada, iliyoambatanishwa na wimbo Drive wa The Cars. Bowie ndiye aliyeitambulisha baada ya shoo yake, na ili ipate nafasi aliutoa wimbo wake mmoja. Mtu alipunguza nyimbo zake akawaachia picha.

Sisi wa Afrika Mashariki tungeanzia nyuma zaidi. Oktoba 23, 1984 BBC ilirusha taarifa ya Michael Buerk kutoka Korem, Ethiopia, na kamera ilikuwa begani mwa Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, aliyeianzisha kampuni yake ya Camerapix Dar es Salaam. Geldof aliiona taarifa hiyo, na kutoka hapo ukazaliwa wimbo wa Band Aid, kisha tamasha. Bila jicho la Mohamed Amin, Freddie asingekuwa na jukwaa la kupanda Julai ile. Barazani jina lake hulisikii kwenye mjadala huu. Ningependa lisikike.

"Live Aid iliwasafisha Queen."

Kweli kwa umaarufu. Oktoba hiyohiyo ya 1984, wakati picha za Korem zinapigwa, Queen walikwenda kupiga Sun City, Bophuthatswana, ndani ya Afrika Kusini ya ubaguzi. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na majina yao yakaingia kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya wasanii waliovunja mgomo wa kuisusia Afrika Kusini. Huku kwetu wakati huo vijana wa ANC walikuwa wanasoma Mazimbu, Morogoro. Nawapenda Queen, na jambo hili walikosea. Filamu haikuligusa. Miezi tisa baadaye dakika ishirini za Wembley ziliwafanya wengi walisahau, na mwaka 2005 kura iliyopigwa Uingereza na watu wa fani ya muziki iliitaja shoo ile kuwa bora kuliko zote za roki. Sioni sababu ya jambo moja kufuta jingine. Yote mawili waliyafanya.

"Queen ndio waliofunga tamasha, na We Are the Champions ndio wimbo wa mwisho alioimba Freddie siku ile."

Si kweli mara mbili. Baada yao Wembley walipanda Bowie, The Who, Elton John. Paul McCartney alikaa kwenye piano kuimba Let It Be, kipaza sauti chake kikagoma mwanzoni. Kisha wote wakajazana jukwaani kwa wimbo wa Band Aid, na Philadelphia ikaendelea peke yake usiku kucha kwa saa zetu.

Ila dakika chache kabla ya McCartney, saa 3 na dakika 48 usiku kwa saa za London, jua limeshazama, walirudi wawili tu: Freddie na Brian May, Brian na gitaa la kawaida lisilo la umeme. Hakukuwa na ngoma, wala besi, wala makofi mawili. Waliimba Is This the World We Created...?, wimbo walioutunga wawili wao, ule unaofunga albamu ya The Works. Ni wimbo wa dakika mbili hivi, unaouliza tumeifanyia nini dunia na watoto wenye njaa. Vyombo vilisumbua kidogo, sauti haikuwa safi kama ya jioni. Watu waliokuwa wakiyumbisha mikono saa tatu kabla walisimama kimya kumsikiliza.

Mara ya mwisho tulipobishana nilimwonyesha rafiki yangu kipande hicho kwenye simu. Hakuwahi kukiona. Alikitazama mpaka mwisho, akanirudishia simu, akaniomba nimtumie. Usiku ule hotelini, aliniambia kesho yake, aliacha chemko akafunga na huo, peke yake na gitaa.